Kompyuta Inajizima Yenyewe: Tuanzie Kwenye Umeme

Mlio dukani endeleeni kuhudumia wateja, mimi sikio moja tu linanitosha.

Leo tuzungumzie kompyuta ya mezani inayojizima. Wenye stesheneri mnaijua vizuri kero hii. Mteja amesimama mbele yako, kaleta barua ya kuomba kazi, umeshachapa ukurasa na nusu, mara pa! Skrini nyeusi, feni kimya. Unatazama juu, taa inawaka. Redio inasema. Kwa jirani kinyozi anaendelea kunyoa. Kompyuta peke yake ndiyo imekwenda. Unaiwasha, inakubali, inapiga kazi vizuri hadi mchana, halafu tena, pa!

Huwa tunafanyaje? Tunaibeba sipiyu mpaka kwa fundi, na fundi naye kabla hujapata kiti cha kukaa anasema: hii inataka kupigwa windo, yaani kuwekewa Windows upya. Inapigwa windo. Unalipa. Unarudi nayo dukani, na kesho yake inazima vilevile. Unarudi kwa fundi, sasa anasema ni mazabodi, ununue kompyuta nyingine.

Nasema mapema ili tusipotezane njiani. Windows ina makosa yake, tena mengi, lakini kompyuta inayokatika ghafla, bila onyo wala ujumbe, mara nyingi haiumwi Windows. Inaumwa umeme. Na katika mambo ya umeme, mshukiwa wa kwanza ni kile kiboksi cha bati kilicho nyuma ya sipiyu, pale unapochomeka waya wa ukutani. Wenyewe mnakiita pawa saplai.

Lakini mshukiwa si mhukumiwa. Kwa hiyo tuulize maswali.

Swali la kwanza: kompyuta yako inazima vipi? Sikuulizi inazima saa ngapi. Nakuuliza inazima vipi. Kama kwanza yanatokea maandishi kwamba inajifunga au inaweka masasisho, hiyo imezimwa na programu, hatuna ugomvi na umeme. Kama inatokea skrini ya buluu yenye maandishi, basi angalia ramu, diski au draiva. Hapa pana mtego kidogo, kwa sababu Windows huwa imepangwa ijiwashe upya baada ya skrini ya buluu, na inaweza kufanya hivyo haraka usiione. Mwombe fundi aondoe mpango huo wa kujiwasha upya, ili kosa likitokea skrini ibaki pale uisome. Lakini kama hakuna buluu, hakuna maandishi, ni kukatika tu kana kwamba mtu kachomoa waya, basi bakia na mimi.

Swali la pili: ikishakata, inarudi vipi? Zipo zinazokata na kujiwasha zenyewe palepale. Zipo zinazokata zikalala, ukibonyeza swichi ya mbele zinaamka. Na zipo zinazokata, ukabonyeza swichi mpaka kidole kikauma, hakuna kitu; mpaka uchomoe waya ukutani, usubiri kidogo, uchomeke tena, ndipo ikubali. Hiyo ya mwisho inasema mengi. Pawa saplai nzuri ina ulinzi ndani yake: ikihisi shoti, au volti zikipanda kupita kiasi, inajifunga, na haifunguki mpaka umeme wa ukutani uondolewe. Ukiiona tabia hiyo, achana kabisa na habari za windo. Windows haina uwezo wa kuifanya swichi ya mbele isiitike.

Sasa tuingie ndani ya hicho kiboksi kwa maneno tu. Kwa mikono usiingie, nitaeleza baadaye kwa nini.

Umeme wa ukutani Tanzania ni wa volti 230, Kenya 240, nao unageuka huku na huku kwa mizunguko 50 kila sekunde. Vipuri vya kompyuta haviwezi kuutumia ulivyo. Vinataka umeme mtulivu, wa upande mmoja, tena mdogo: volti 12 kwa ajili ya prosesa, kadi ya picha na mota za diski, halafu volti 5, na volti 3.3 kwa saketi nyingine. Kazi ya pawa saplai ni hiyo, kupokea ule mkali na kutoa huu mpole.

Ndani yake mna kapasita moja kubwa, wakati mwingine mbili, zenye umbo la kopo. Hiyo kapasita ichukulie kama tangi la maji juu ya nyumba. Bomba la mtaani likikatika kidogo, wewe jikoni hujui, kwa sababu tangi linaendelea kushusha maji. Ila tangi hili ni dogo mno. Kompyuta nyingi za mezani hufuata mwongozo uitwao ATX, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995. Katika mwongozo huo, umeme wa ukutani ukikatika, pawa saplai iliyobeba mzigo mzito inatakiwa kuendelea kuilisha kompyuta kwa muda wa sehemu kama 16 au 17 za elfu moja ya sekunde. Mzunguko mmoja wa umeme wetu unachukua sehemu 20. Mmenielewa hapo? Hata pawa saplai mpya, ikiwa imebanwa na kazi, haina uhakika wa kuvuka mzunguko mmoja mzima uliopotea. Wewe hata kupepesa jicho hujamaliza.

Hiyo ni mpya. Sasa chukua pawa saplai iliyokwisha kukaa miaka saba au minane, tena katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, sipiyu imesukumwa chini ya meza, nyuma imegusa ukuta, matundu yameziba vumbi. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani, na joto huyakausha pole pole. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu. Basi akiba ile, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo, inazidi kupungua kila mwaka. Kwa nje huoni kitu. Kompyuta inawaka, inafungua programu zake zote, lakini umeme ukicheza kidogo tu, imekwenda.

Hapo ndipo ilipo ile ajabu inayowasumbua wengi: dukani mna kompyuta mbili, umeme mmoja, soketi moja, taa imepepesa mara moja tu, moja inazima na ya pili inaendelea. Mwenye duka anasema, umeme si tatizo, mbona ile nyingine haijazima? Umeme ni tatizo, ndugu yangu. Nyingine bado ina akiba, hii imeishiwa.

Jambo jingine. Kutoka kwenye pawa saplai kuna waya mmoja, kwa kawaida wa kijivu, unaokwenda kwenye mazabodi. Kazi yake ni kutoa habari moja tu: umeme uko sawa. Habari hiyo ikikatika, mazabodi inasimamisha kila kitu papo hapo. Haiulizi kama umesevu.

Haya, tutoke nje ya sipiyu, kwa sababu uchunguzi unaanzia ukutani. Narudia: uchunguzi unaanzia ukutani, maana huko kupima ni bure.

Waya wa nyuma ya sipiyu umekaa vizuri? Ukiugusa kidogo tu kompyuta inazima? Badilisha waya, ni ule ule unaotumika kwenye monita nyingi, azima wa jirani ujaribu. Plagi ya miguu mitatu tunayotumia ina fyuzi ndani, ifungue uone kama imeungua pembeni au imelegea. Soketi ina weusi? Inatoa harufu? Hapo usibadilishe pawa saplai, ita fundi umeme.

Kisha ekstensheni. Niambie ukweli wako, ekstensheni hiyo ina vitu vingapi? Stesheneri nyingi nilizoingia, utakuta ekstensheni moja ya bei rahisi imebeba kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa ya leza, mashine ya kulaminisha, na chaja za simu za majirani. Sasa printa ya leza na fotokopi zina roli ya moto inayoyeyusha wino wa unga ili ushike kwenye karatasi. Roli hiyo ikianza kupashwa, mashine inaweza kuvuta karibu wati 1,000 au zaidi kwa muda mfupi. Kwenye waya mwembamba uliolegea, volti zinashuka kwa wote waliomo. Kompyuta yenye pawa saplai iliyochoka inaanguka hapo hapo. Kwa hiyo angalia: inazima wakati fotokopi inapoamka? Inazima pasi ikiwashwa chumba cha pili? Kama ndivyo, ipe kompyuta soketi yake peke yake ukutani kwa siku chache, uone. Watu wameshanunua kompyuta mpya kwa kosa la ekstensheni.

Na UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba? Hapa nina ugomvi na wengi wenu. Mtu ananiambia, haiwezi kuwa umeme, mimi nina UPS. Betri yake ina umri gani? Betri za UPS za kawaida ni za risasi na asidi, na huchoka baada ya miaka kama mitatu hadi mitano. Sasa sikiliza ubaya wake. Umeme ukishuka kidogo, UPS inahamia kwenye betri. Betri imekufa. Kompyuta inazima, na taa ya dukani haijazima. Yaani UPS mbovu inaweza kuizima kompyuta ambayo, kama ingechomekwa ukutani moja kwa moja, pengine ingevuka salama. Jaribio lake ni rahisi: sevu kazi zako, funga programu zote, halafu zima swichi ya ukutani huku kompyuta inawaka. Ikikata papo hapo, umepata jibu. Na tafadhali, printa ya leza usiichomeke kwenye UPS.

Kuna UPS za bei nafuu ambazo zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa mawimbi yasiyo laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa haziupendi umeme huo, zinazima ingawa betri ni nzima. Basi usishangae ukisikia fundi anasema UPS haiendani na pawa saplai. Ni kweli hutokea. Wengine wanachomeka kompyuta kwenye gadi ya friji. Kile kifaa kimetengenezwa kikate umeme unaposhuka na kisubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa friji ni ulinzi mzuri. Kwa kompyuta ni kukatiwa kazi kwa makusudi.

Tumemaliza ukutani, soketi ni nzima, UPS imetolewa, na bado inazima. Tufanyeje?

Tutenganishe joto na umeme, maana dalili zao zinafanana. Prosesa ikipata moto kupita kiasi, karibu nyuzi 100, nayo huizima kompyuta ili isiungue. Fungua ubavu wa sipiyu ikiwa imechomolewa, uone feni ya prosesa ina blanketi la vumbi au la. Ipeleke ikapulizwe kwa blowa. Usishangae yatakayotoka humo: vumbi, mende, na mijusi wanaopenda kujipasha joto, ambao wakati mwingine ndio wenyewe wanaopiga shoti.

Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kifaa chochote. Washa kompyuta, ingia kwenye BIOS, yaani ile skrini ya mipangilio inayotokea ukibonyeza F2 au Delete kabla Windows haijaanza. Iache hapo, hata saa nzima. Kwenye kompyuta nyingi utaona humo humo joto la prosesa limeandikwa. Ikizima ukiwa hapo, joto likiwa la kawaida, Windows imetoka kwenye kesi. Haikuwapo kabisa! Mtu aliyekuwa hayupo hawezi kushtakiwa. Isipozima, usiseme pawa saplai ni nzima, kwa sababu BIOS haiisumbui kompyuta kwa mzigo mzito, tunaendelea tu.

Windows nayo inaweza kutoa ushahidi. Ndani yake kuna programu iitwayo Event Viewer, daftari la matukio. Utakuta humo kosa lenye jina Kernel-Power, namba 41. Watu wakiliona wanaruka: tumempata! Hapana. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuwa imefungwa vizuri. Aliyeizima hatajwi. Ila ukifungua maelezo yake ukakuta BugcheckCode ni sifuri, mara nyingi maana yake hakukuwa na skrini ya buluu iliyorekodiwa, na mizani inazidi kuelemea upande wa umeme.

Sasa vipimo vya fundi. Fundi mwenye multimita ataweka ncha moja kwenye waya mweusi na nyingine kwenye wa njano, asome volti 12. Mwongozo unaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo ikishuka chini ya 11.4 pana tatizo. Waya mwekundu ni volti 5, usishuke chini ya 4.75. Lakini apime kompyuta ikiwa kazini, inacheza video, inafungua programu nzito. Wapo wanaochomoa pawa saplai, wanaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni inazunguka, wanatangaza: nzima hii! Feni kuzunguka kunathibitisha kwamba feni inazunguka, basi. Na hata multimita nayo ni mzito wa macho. Mshuko wa sehemu chache za sekunde unampita bila kuuona.

Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kuweka pawa saplai nyingine iliyo nzima, ukaitumia kompyuta kama kawaida. Ikiacha kuzima, kesi imekwisha. Ikiendelea kuzima, ndipo tuanze kuizungumzia mazabodi, siyo kabla.

Tahadhari kwa wenye kompyuta zile ndogo za ofisini zilizotumika, Dell OptiPlex, HP na wenzao, ambazo zimejaa mashuleni na madukani. Nyingi zina pawa saplai zenye umbo la pekee na plagi za pekee. Usinunue yoyote tu ukidhani itaingia. Nenda na ya zamani mkononi. Kwa upande mwingine, OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa nyuma, hapo hapo penye pawa saplai. Chomeka umeme, bonyeza kitufe, taa ya kijani ikiwaka pawa saplai angalau inapumua. Isipowaka, umejua bila kumlipa mtu.

Na ukinunua mpya, soma lebo, usisome namba kubwa iliyo juu ya boksi. Tafuta mstari wa volti 12, uone ampea zake, uzidishe kwa 12. Boksi likisema wati 500, halafu mstari wa volti 12 ni ampea 16, hesabu inakupa wati 192. Hizo ndizo prosesa na kadi ya picha zitakazogawana. Kijana aliyeongeza kadi ya picha ya kuchezea gemu, kompyuta ikawa inazima kila gemu likichangamka, aanzie hapo. Mimi binafsi nina msimamo: kwenye kompyuta, ukitaka kubana matumizi bana kwenye kibodi, kwenye spika, kwenye kasha. Pawa saplai usiibanie.

Nanyi ndugu zetu mlio Marekani mnaotuma kompyuta nyumbani, pawa saplai za zamani huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikija imewekwa 115 ikachomekwa kwenye umeme wetu, itapiga kishindo, na kishindo hicho hakina matengenezo ya bei rahisi. Itazameni kabla ya kuchomeka.

Nilisema nitaeleza kwa nini usiingize mikono ndani ya kiboksi. Kapasita ile kubwa hukaa na volti zaidi ya 300, na inaweza kuzishikilia hata baada ya waya kuchomolewa. Huo si umeme wa kukutekenya, unaua. Fundi anayejua kuumwaga umeme huo kwa usalama na kubadilisha kapasita yupo, namheshimu, na kwa zile pawa saplai za plagi adimu ni msaada mkubwa. Wewe na mimi wenye bisibisi ya jikoni tuishie kwenye skrubu nne za nje.

Basi ndugu msikilizaji, ukifika kwa fundi safari hii, na kabla hujamsikia akitaja windo, mwambie hivi: fundi, niwekee kwanza pawa saplai yako nzima, tuiwashe, ifanye kazi hapa mbele yangu. Fundi wa kweli ataielekeza mikono yake kwenye bisibisi. Akikataa bila sababu, beba sipiyu yako uende kwa mwingine.